Mpaka Povu Liishe

Watu huja kwangu na daftari zao kwapani wakitaka niwaeleze namna ya kujichapia kitabu. Wengi wao wanataka kutiwa moyo. Moyo wa kugawa sina. Nilio nao unanitosha mwenyewe. Ninachoweza kuwapa ni habari ya kitabu changu cha kwanza, ambacho nusura kiue watu, na jinsi nilivyokataa kukiacha hata baada ya kujua hivyo.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Nilikuwa nafundisha madarasa ya chini katika shule ya wasichana, karibu na Singida mjini. Mama yangu aliishi Mtinko. Alikuwa amepitia njaa tatu akiwa na watoto, na hakuzika hata mmoja. Haikuwa bahati. Alijua majani yapi ya porini hukaushwa, mbegu zipi husagwa, na kile kiazi kichungu chenye sumu, ambacho kila mtu anakiogopa, kinavyogeuzwa kuwa chakula na mtu anayekijulia. Likizo moja nilikaa naye jikoni nikaandika yote. Niliandika kwa Kiswahili, maana nilitaka yawafikie Wanyiramba na Wagogo pia, si sisi Wanyaturu peke yetu.

Nikapeleka muswada kwenye ofisi moja ya vitabu, mbali huko. Jibu lilichukua miezi saba. Waliisifu kazi, kisha wakataka mambo mawili. Kwanza, vipimo viwe kamili, kwa sababu mama wa nyumbani wa kisasa hataki kuambiwa “kiasi” wala “mpaka iive”, anataka hesabu. Pili, jina langu litoke kwenye jalada, liwekwe la bibi mmoja wa Kizungu aliyesimamia mafunzo ya akina mama jimboni, ili wasomaji wakiamini kitabu. Mimi ningeshukuriwa ukurasa wa ndani.

Niliisoma barua ile nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na hasira haikupungua. Bibi yule nilimfahamu. Alikuwa mtu mwema, na katika maisha yake hajawahi kulala na njaa. Kwa nini aaminiwe yeye? Siku hiyohiyo niliamua kwamba kitabu nitakichapa mwenyewe, na jina langu nitaliweka juu, kwa herufi kubwa.

Mama aliuliza nitakichapa kwa kitu gani. Lilikuwa swali la haki.

Mjini palikuwa na Mhindi mwenye duka la ngozi, na alikuwa na taipureta ya kuandikia barua za biashara yake. Tulielewana kwamba nitamwandikia barua zake za Kiswahili, naye ataniachia mashine kila alasiri muda wote wa likizo. Nilitumia karatasi za kaboni, kurasa tano kwa mpigo mmoja. Ukitaka ushauri, basi huu hapa: piga herufi kwa nguvu mpaka vidole viume, na ile nakala ya tano, iliyo hafifu, baki nayo mwenyewe, usimpe mtu aliyekuja kwako kwa heshima. Mimi kwa ubahili nilizigawa zote, na wazee wenye macho mabovu wakanilaumu mpaka wakafika kaburini.

Ushauri wa pili nilifundishwa na panya. Nilibandika migongo ya nakala za kwanza kwa uji mzito wa mtama, kama tulivyobandika picha shuleni. Asubuhi nilikuta nakala sita zimeliwa mpaka katikati. Kumbe nimewapikia. Zilizobaki nilizishona kwa shazia, ile sindano ya magunia, na uzi wa katani. Katika arobaini nilizokusudia nikabaki na thelathini na nne, na nilijivuna nazo kuliko mtu mwenye zizi la ng'ombe.

Sikuwa na duka wala wakala. Nilikuwa na kikapu. Walimu wenzangu walichukua chache, akina mama wa kanisani wakachukua, wake wa mashehe wakachukua, nikafika Mgori, nikafika Ihanja. Kila aliyechukua nilimwandika katika daftari, yeye na kijiji chake. Wenzangu walinicheka, wakasema najifanya karani wa serikali. Ninyi msicheke. Mjue kitabu chenu kiko mkononi mwa nani, kwa sababu iko siku mtamhitaji mtu huyo kuliko yeye anavyowahitaji ninyi.

Msimamizi wa shule zetu alichukua nakala moja pia. Hakuiomba. Aliikuta mezani kwangu, akasema anaikagua, akaifungia katika mtoto wa meza yake.

Nakala zilipobaki sita nilikwenda mnadani Mtinko. Nilishajua kwamba kwetu kitabu hakisomwi na mtu mmoja. Anayejua kusoma husoma, na kumi humsikiliza. Kwa hiyo nilikuwa nasoma sentensi ya Kiswahili, kisha naigeuza kwa Kinyaturu, watu wakiwa wamenizunguka. Mama alikuja akaketi mbele kabisa. Hakuwa amewahi kusikia kitabu chake. Mimi niliona haina haja, maneno si yametoka kwake? Hilo ndilo kosa la kwanza, na lilizaa la pili.

Nilipofika kwenye kiazi kichungu nikasoma: kikate vipande, kiloweke siku tatu, kichemshe, umwage maji mara mbili, kisha kiko tayari. Mama akainua mkono.

“Rudia hapo kwenye maji.”

Nikarudia.

“Mara mbili umeambiwa na nani?”

Nikasema nilimwona yeye akimwaga mara mbili.

“Kile kilikuwa kidogo, na kichanga. Mimi nilikwambia mpaka povu liishe. Hukusikia? Mwanangu, utaua watu.”

Nilikuwa nimesikia. Niliandika “mpaka povu liishe” siku ileile, jikoni, kwa kalamu ya risasi. Ni baadaye, nilipokuwa nachapa, nilipokumbuka ile barua na hesabu zao. Jina langu nililipigania, lakini kwenye hesabu nikaona pengine wana haki, wao ni watu wa vitabu. Nikafuta povu nikaweka mara mbili. Sehemu moja tu niliyowatii ndiyo iliyokuwa na sumu. Hata hivyo siwasingizii, kwa sababu kidole kilichopiga herufi kilikuwa changu.

Na mwaka wa njaa huwa ni mwaka wa kiu pia. Maji hufuatwa kwenye visima vilivyochimbwa mchangani mtoni, na mwanamke hurudi na ndoo moja baada ya nusu siku. Mwambie mwanamke huyo kwamba kitabu kinaruhusu kumwaga mara mbili, hatamwaga ya tatu. Atakushukuru, kisha atawapakulia watoto.

Watu mnadani walinikazia macho. Niliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Lakini mficha uchi hazai. Nikawaambia kwa Kinyaturu, kwa sauti, kwamba kitabu kimekosea na aliyekiandika ni mimi. Nikatoa kalamu, nikakata neno lile katika nakala sita za kikapuni, nikaandika maneno ya mama mbele ya macho yake. Zote sita zilichukuliwa palepale. Mpaka leo sijui kama walinunua kitabu changu au walimnunua mama, na halinisumbui.

Zilibaki ishirini na nane, nazo zilikuwa zimetawanyika. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, na wenye busara walikwisha kuanza kutazama porini. Mwalimu mwenzangu alinishauri nikae kimya, kwamba nani atakayejua kiazi kimepikwa kwa kufuata kitabu au kwa kubahatisha? Nilimjibu kwamba nitajua mimi. Nikaomba ruhusa ya siku kumi, nikanyimwa, nikaondoka.

Nilikwenda kwa miguu, na mara mbili nilidandia lori la ngozi. Nyumba kwa nyumba, daftari mkononi. Nakala nyingine nilizikuta kwenye sanduku la nguo, nyingine imetolewa jalada la kufungia ugoro, na moja Mgori ilikuwa imeazimwa kijiji cha tatu, nikaifuata. Kila mahali nilikata, nikaandika, nikawasomea wenye nyumba kwa sauti, nikawataka warudie. Ihanja nilifika kwa mwanamke mmoja mwenye watoto wanne. Chungu kilikuwa mekoni. Alikuwa amemwaga maji mara moja na anajiandaa kumwaga ya pili, na watoto wameshanawa mikono.

 Nilikaa chini kwenye vumbi mlangoni pake nikalia kama mtoto, na yeye, badala ya kunifukuza, akaniletea maji katika kibuyu. Siku hiyo nilimchukia kila anayesema kwamba kitabu ni karatasi tu. Nilikesha pale mpaka kiazi kile kikawa salama, nikawa wa kwanza kukila.

Niliporudi zilikuwa zimesahihishwa ishirini na saba. Iliyobaki ilikuwa ile ya msimamizi.

Alinipokea akiwa ameketi. Habari za mnadani zilikuwa zimemfikia, na kosa langu alikwisha kulipigia mstari mwekundu. Alinieleza kwa upole kwamba kazi ya vitabu ina wenyewe, wenye wataalamu na ofisi, na kwamba mtu akijichapia matokeo yake ndiyo haya. Akaniwekea mbele karatasi nitie sahihi kwamba sitauza tena kitabu wala kuandika kingine. Nikitia sahihi, nakala ile anaichoma na kazi yangu inabaki. Nisipotia, anaipeleka kwa wakubwa kama ushahidi.

Nikamwomba nakala. Akadhani nataka kutazama mstari wake mwekundu, akanipa. Nikachukua kalamu yake mwenyewe mezani, nikaandika pembeni ya ukurasa: “Hapa nilikosea. Si mara mbili. Mwaga mpaka povu liishe, hata ikiwa mara kumi.” Chini nikaweka jina langu kamili.

“Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu,” alisema. “Umejiandikia hukumu kwa mkono wako.”

“Nimeandika kitabu kwa mkono wangu, Bwana Msimamizi. Kosa lake ni langu vilevile. Sasa unaweza kukipeleka unakotaka, hakitamdhuru atakayekisoma.”

Barua ya kuachishwa kazi ilifika kabla mwezi haujaisha. Nitasema uongo nikisema sikuumia. Nilipenda kufundisha, na wale wasichana walinililia. Nilihamia chumba cha uani nyuma ya duka la ngozi, nikaendelea na barua za Mhindi, na alasiri nikachapa kitabu upya. Safari hii nilimsomea mama neno kwa neno kabla sijagusa kaboni. Ukurasa wa kwanza kabisa niliandika nilipokosea katika toleo lililotangulia. Niliambiwa nitawafukuza wasomaji. Waliongezeka, na sababu walinipa wenyewe: kama huyu anasema alipokosea, basi pengine kwingine kote anasema kweli.

Mvua za mwaka uliofuata hazikuja. Kufikia katikati ya kiangazi hata nyumba za wenye mishahara hazikuwa na kitu, maana dukani hapakuwa na cha kununua. Jioni moja, jua halijazama, mke wa msimamizi alikuja uani kwangu. Nyumba yao haikuwa mbali, lakini tangu nifukuzwe, kila aliponiona alivukia upande wa pili wa njia. Alinisalimu, akafungua kanga aliyoshika. Ndani yake palikuwa na ile nakala yenye mstari mwekundu na mwandiko wangu pembeni. Haikuwa imekwenda kwa wakubwa wala popote.

“Mwalimu, nimemwaga mara nne,” alisema. “Povu bado lipo, na maji nyumbani yamekwisha. Hivi si inatosha?”

Nilimwambia haitoshi. Nikajitwika debe langu la maji, nililolifuata mtoni tangu alfajiri, tukaongozana. Msimamizi alikuwa ameketi mlangoni pake, amekonda. Aliponiona alisimama, akasogeza kiti ili nipite na debe.  Tulimwaga mpaka zikatimia mara saba.