Sheria ya Mdomo ya Mwalimu Eveline

Mwalimu Eveline hakusomea ualimu popote. Ni fundi cherehani wa pale Kihesa, Iringa, mwenye sweta la kijani asilolivua hata jua likiwaka, na jina la ualimu alilipata kanisani, kwa kufundisha Sunday school mpaka wale aliowafundisha wakaanza kumletea watoto wao. Jambo moja tu lilimkosesha raha: midomo ya watoto. "Oya" alilivumilia kwa shida. "Noma" lilimkunja uso. Wakifika kwenye "boya" na "fala", hapo aliwaka. Ndipo akaweka sheria: mtoto atakayetamka neno la mtaani ndani ya uzio wa kanisa hasimami mbele Siku ya Mikaeli na Watoto, ile Jumapili ambayo watoto huongoza ibada na wakubwa hukaa chini kuwasikiliza.

Mwaka jana sheria ilimnasa Anord, mjukuu wa Mzee Ambrosi, kwa kosa la "fala". Mwalimu alimtoa mbele ya wenzake mchana kweupe, na mtoto hakukanyaga tena Sunday school. Mzee Ambrosi, ambaye ni mzee wa kanisa, alikaa nalo moyoni, akangoja zamu ya Mwalimu.

Zamu ikafika. Mwaka huu aliyechaguliwa kuongoza sala alikuwa Goodness, mjukuu wa Eveline mwenyewe, anayelelewa na bibi yake kwa kuwa mama yake, Frida, anatafuta maisha Mbeya. Frida alishakata tiketi ya basi ili aje kumsikia mwanawe. Basi Jumamosi, wakiwa kwenye mazoezi, mshumaa ukaanguka na nta ya moto ikamdondokea Goodness kwenye kidole cha mguu.

"Kudadeki!" akapiga kelele, na kanisa tupu likalirudia neno lile vizuri kabisa.

Mzee Ambrosi alikuwa nyuma akipanga mabenchi. Hakukasirika hata chembe. Alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "sheria ni ya kwako."

Mchana huohuo wazee wakaketi kwenye chumba cha mchungaji kuamua kama Goodness asimame au asisimame. Mchungaji Philbert akafungua kwa sala, Eveline akapewa nafasi.

"Kudadeki siyo tusi," akaanza, akishangaa mwenyewe anavyolitetea. "Ni kushtuka tu. Ni kama mtu kusema mama yangu wee."

"Mwaka jana ulisema maneno yote haya ni uchafu," akasema Ambrosi.

"Mimi hilo neno silijui," akadakia Mzee Yotamu, mkubwa kuliko wote pale. "Siwezi kuhukumu kitu nisichokijua. Litamkwe."

Wakamtazama Mchungaji. Mchungaji akaitazama Biblia yake. Ikabidi Ambrosi alitamke. Yotamu akalijaribu taratibu, akalirudia kwa nguvu, na ilionekana wazi limemkaa vizuri mdomoni.

"Mbona tamu hili," akasema. "Haya, na mengine?"

Yakatajwa na mengine, wazee wa watu wakiulizana kwa heshima zote lipi ni zito, boya au fala. Mchungaji naye akachangia moja aliloliokota chuoni, kisha akaomba asinukuliwe. Hapo kicheko kikalipuka nje ya dirisha. Watoto wote wa mazoezi walikuwa wamebanana ukutani, wakipata somo ambalo Mwalimu Eveline asingewafundisha maisha yake yote.

Watoto walipofukuzwa, Eveline akasimama.

"Wazee wangu, tusi ni lile linalompiga mtu. Goodness hakumtukana mtu. Alikuwa anaongea na mshumaa."

Yotamu akaitikia kwa kichwa. Mchungaji naye akakubali. Eveline akaanza kujifungafunga sweta, ameshashinda.

"Sawa kabisa," akasema Ambrosi. "Na Anord alimtukana nani?"

Eveline akaliachia sweta. Siku ile ikamrudia yote. Anord amesimama mbele, mistari ya Zaburi imemtoka kichwani katikati ya safari, wenzake wanacheka. "Mimi fala kweli," alisema mtoto, machozi yakimlengalenga. Na yeye mwalimu mzima hakusikia chochote ila lile neno moja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Alijitukana mwenyewe," akasema polepole. "Halafu mimi nikamwongezea."

Hakungoja uamuzi. Alitoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Ambrosi, akamkuta Anord uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Anord bila kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba msamaha, mwaka jana nilikuonea. Kesho nataka usali pamoja na Goodness."

"Nitasahau tena. Mimi fala, Mwalimu."

"Hilo sasa ndilo tusi," akasema Eveline, akachuchumaa kwenye maganda. "Wewe siyo fala, Anord. Ukisahau, simama tu. Tutakusubiri."

Jumapili kanisa likajaa. Frida alikaa mbele, begi la safari bado liko miguuni. Goodness akasali nusu yake bila kuteleza, akampisha Anord. Anord akaombea mvua, akaombea wagonjwa, akanyamaza. Kimya kikarefuka, na benchi la watoto likaanza kutikisika kwa kicheko. Anord akafumbua macho, akamtafuta Mwalimu Eveline, akamwona. Akayafumba tena.

"Oya Mungu," akasema kwenye maiki, "subiri kidogo."

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Mwalimu. Yeye aliinamisha cha kwake, akasubiri, na kanisa zima likasubiri naye mpaka Anord akakumbuka.