Kopo Kwenye Mfuko wa Mkate

Mume wangu alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume kwa miaka ishirini na sita, na kazi yake kubwa ilikuwa ile ambayo watu hawaitaji wakiwa mezani. Daktari akisema mgonjwa aoshwe tumbo, labda kesho anapasuliwa, labda choo kimegoma, aliitwa yeye. Hospitalini wanaita enema, maji ya kopo yanayopitishwa kwa mpira njia ya haja kubwa. Mtaani walimwita yeye Bwana Maji, na wakacheka mpaka mbavu ziwaume.

Wanaume wa mtaa wetu wanavumilia sindano, wanavumilia kisu, lakini ukiwaambia walale ubavu na kukunja magoti, wanakumbuka ghafla kwamba wao ni vichwa vya familia. Mume wangu aliwajua. Alivuta pazia kwanza. Alipima joto la maji kwa upande wa ndani wa mkono, vile unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, kisha akaanza kuzungumzia mpira, na kabla mgonjwa hajamaliza kumtukana kipa, kazi imekwisha. Hajawahi kuniambia jina la mgonjwa hata mmoja. Nilijaribu sana, maana mimi umbea sijambo.

Malipo ya usiri wake yalikuwa haya: akifika barazani wanapocheza drafti, mikono yote inaingia mifukoni. Hakuna anayetaka kumsalimu kwa mkono. Hata mimi, wanawake wenzangu waliwahi kuniuliza kama ananawa vizuri kabla ya kula. Niliwajibu, "Kuliko mumeo."

Mmoja tu ndiye aliyempa mkono siku zote, Mwalimu Mkuu mstaafu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Walikuwa marafiki tangu ujana, mke wake ni shoga yangu, na Mwalimu mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati ya hospitali. Mume wangu alimheshimu mpaka nikaona wivu.

Mwaka jana Mwalimu alianguka kwenye ngazi yake mwenyewe akavunjika nyonga. Baada ya operesheni akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, na vidonge vile vinafunga tumbo. Siku tisa hakwenda choo. Tumbo likawa ngoma, chakula hakitaki, jasho linamtoka. Mkewe akamwambia warudi hospitali. Akakataa.

"Mimi nigeuzwe mgongo mbele ya vitoto nilivyovifundisha? Bora nife."

Mume wangu akaenda kumwona. Akamwambia, "Mwalimu, hii ni kazi tu, kama kunyoa ndevu."

"Basi unifanyie wewe. Hapa hapa. Na uape hutamwambia mtu, hata wakuweke kitimoto."

Akaapa. Mpira na kopo lake vinauzwa duka la dawa, lakini Mwalimu hakutaka vinunuliwe, eti muuza dawa atauliza ni vya nani. Kwa hiyo Jumapili tatu mfululizo, mchana, mume wangu alitoka na kopo la wodi ndani ya mfuko wa mkate. Alipitia mlango wa uani. Mpira ulichemshwa jikoni kwangu, kwenye sufuria niliyoitenga kwa kazi hiyo, na jioni kopo lilirudi wodini likiwa safi kuliko lilivyotoka. Nilimwambia hili jambo litamtokea puani. Akasema, "Mtu anaumwa, mama."

Jumapili ya nne mlinzi wa geti aliomba mkate.

Kamati ilikaa Alhamisi. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha lisilofungika, nikasikia kila kitu. Wajumbe walikuwa watano. Mwalimu alikuwa wa tatu, na fimbo yake, amekalia mto. Angetaka angetoa udhuru wa ugonjwa na kubaki nyumbani, lakini alikuja. Nilipomwona akiingia, moyo wangu ulitulia. Nilijua tumepona.

Matroni, mama mpenda haki, alisema wazi, "Sitaki kukupoteza. Nitajie mgonjwa uliyemsaidia, naye akikubali, nitakupa onyo tu, urudi wodini kesho asubuhi."

Niliinuka kidogo kuchungulia. Nilimwona mume wangu kwa pembeni. Hakumtazama Mwalimu hata kidogo, aliangalia vidole vyake.

"Niliapa, Matroni."

Hapo ndipo Mwalimu alipokohoa. Nikasema moyoni, haya, sema. Akasema:

"Ndugu wajumbe, mtu anayebeba vifaa vya hospitali kwenda kufanya mambo ya siri majumbani kwa watu, sisi tutajuaje anafanya nini huko?"

Kisha akanyoosha mkono kupiga kura atolewe wodini. Mkono ule ule aliokuwa akimpa barazani. Waliobaki wakamfuata.

Walimpeleka kwenye chumba cha kufulia, kulowekea mashuka. Mtaani lile neno lilifika kabla yetu. Mambo ya siri. Sasa hawakucheka tena, walinong'ona, na hiyo ni mbaya zaidi. Mwalimu akianza kupita akaona tumekaa nje, anageuka kama aliyesahau kitu. Mimi nilitaka kwenda kuusimamisha mtaa mzima. Mume wangu alinishika mkono. "Niliapa," akasema tena, na nikalichukia neno hilo.

Miezi miwili baadaye shoga yangu aligonga, macho mekundu.

"Shemeji yupo? Leo siku ya saba. Yamerudi yale yale. Anauliza kama..." Hakumalizia.

Nilifungua mdomo. Mume wangu akawahi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Kopo liko wodini, shemeji. Mpeleke."

Walimpeleka. Kule wodini hakukuwa na mwanamume wa kazi ile, maana aliyekuwepo alishaondolewa kwa kura. Aliyemvutia Mwalimu pazia alikuwa muuguzi mwanafunzi, binti ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha hesabu darasa la sita. Shoga yangu alinisimulia kwamba binti alisema, "Shikamoo, Mwalimu, kunja magoti," na Mwalimu akalia.

Nilicheka. Sitaficha. Nilicheka nikiwa nimeshika ukuta.

Siku hiyo mume wangu alichelewa kurudi, vidole vimekunjamana kwa maji. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kulikuja fungu la mashuka ya kitanda cha sita, yenye namba, na wenzake wa kufulia walitaka kujua ni la nani wapate la kuzungumza. Akalichukua. Alilifua peke yake kwa mkono, kwenye karai, mpaka likawa jeupe, wasije wakamcheka mzee wa watu.

"Hata sasa?" nikamwuliza. "Baada ya yote yale?"

"Yeye ni mgonjwa," akasema. Akanawa mikono na sabuni mara mbili, akasubiri chakula.

Nilimpakulia. Nilimtazama anavyokula, mtu msafi kuliko wote ninaowajua, nikaamua. Yeye ndiye aliyeapa. Mimi nilichemsha mpira tu, hakuna aliyeniapisha. Kwa hiyo kesho yake nikachukua ile sufuria, nikaenda nayo barazani, drafti imepamba moto na Mwalimu amekaa katikati juu ya mto wake, nikaiweka katikati ya ubao. Nikaanzia Jumapili ya kwanza.