Karani wa Simu ya Daktari wa Mkojo

Kila Alhamisi karani wa zahanati huramba kidole, hufunua daftari, kisha hupiga kelele kwenye simu kana kwamba daktari wa mkojo, aliye Kisumu, ni kiziwi. Majibu ya wagonjwa anayomsomea daktari ndiyo huwapa siku ya kliniki. Leo akamgeukia baba mkwe wa Adeke, foleni nzima ikisikiliza: "Mzee, mkojo unatoka ama umeziba?" Mzee akamwona mkaza mwanawe pembeni, akainamisha kichwa. "Niko sawa." Adeke alikuwa amemsikia akiugulia chooni siku mbili. Karani akachukua rula, akalikata jina la mzee daftarini polepole, mstari usipinde. Adeke akamnyang'anya rula. "Mimi natoka nje. Muulize tena, na umuulize kama baba yako!"