Mto Kwenye Keria

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi nilikuwa bado ng'ambo ya mto, mjini Ljubljana, na kundi letu la wakulima wa pamba kutoka Bariadi lilitakiwa kuingia makumbusho saa nne kamili. Kesho yake tulikuwa tunaondoka. Wenzangu walipanda basi. Mimi niliandika kwenye daftari kwamba mgeni anayejali mazingira hutembea, nikapotea.

Kwenye taa za barabarani alisimama mzee mwenye baiskeli, na kwenye keria amefunga mto laini. Kwetu baiskeli ya namna hiyo hubeba abiria. Nikakaa, nikamwonyesha tiketi ya makumbusho. Alinitazama kitambo, akaanza kukanyaga. Tukateleza kando ya maji ya kijani, kengele zikilia mbali, majani yakinidondokea begani polepole, nikaona kama mji wote unaelea pamoja nasi.

Mlangoni nikampa euro tano. Akakataa, akamweleza jambo kwa Kiingereza Mama Kabula, kiongozi wetu.

"Baba Masanja," Mama Kabula akasema mbele ya wote, "huyu habebi abiria. Alidhani unaumwa."

"Na ule mto?"

"Ni wa mbwa wake."

Nikarudisha noti mfukoni. Niliokoa euro tano.