Bi Shaka na Waya wa Pampu

Mwanamke amelala chali chini ya dashibodi ya ndege isiyo na mabawa, miguu inaning'inia mlangoni. Tochi ndogo ameiuma kwa meno. Ameshika waya mwekundu kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo, kama mtu anayejaribu jino la mtoto.

Waya unamfuata.

Anatema tochi. "Nani ameingia humu?"

Fundi bati anaweka riveti zake za kubania bati chini taratibu.

Wenzake wanamwita Bi Shaka, naye hajaona tusi ndani yake. Alianza na friji, akahamia pikipiki, na sasa yumo kwenye nyaya za ndege ya viti viwili ambayo daktari wa meno mstaafu anaiunda kwa akiba yake. Siku moja ya ndege humpa malipo ya friji mbili, ila ziko wiki ambazo hapati ndege wala friji.

"Friji ukiikosea, maziwa yanachacha," anasema. "Hii ukiikosea, anayechacha ni mdogo wangu."

Maana rubani atakayeipaisha kwa mara ya kwanza ni mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja. Na waya uliomfuata ni wa pampu ya mafuta. Pampu ikizima, injini hainywi.

Nyaya zote za dashibodi hukutana kwenye konekta moja, kipande cheusi cha plastiki chenye matundu. Kila waya una pini yake mwishoni, na kila pini ina masikio mawili madogo yanayofunguka ikishaingia tunduni. Wengi hudhani pini hutolewa kwa kuvutwa. Haivutwi. Waya husukumwa mbele kwanza, pini iache kung'ang'ania. Halafu kijibomba chembamba huingizwa nyuma, kikayalaza yale masikio, nayo ikatoka kwa adabu.

"Ukiivuta kwa nguvu, unaivunja sikio," anaeleza. "Ukiirudisha inakaa, inakuchekea, inasubiri mtetemo."

Hii ilikuwa imevunjwa sikio. Na yeye haachi waya bila kuujaribu. Alipofunga kazi wiki iliyopita, ilikuwa imeshika.

Basi akaanza na fundi bati. Huyu alimnyooshea vidole vilivyonona kama magunzi, akamuuliza hivi vitapita wapi pale. Bi Shaka alivitazama vidole, akalitazama tundu, akamwamini nusu.

Bi Shaka alimshuku daktari zaidi. Mtu aliyeishi kwa kung'oa, alijiambia, mkono wake hauwezi kutulia. Daktari alikiri kwamba alitamani kuzifunga zile nyaya vizuri, zinamkera, lakini alimwogopa mwenye nyaya.

"Daktari, wewe mkono umezoea kung'oa," Bi Shaka alimwambia.

"Nilikuwa napiga ganzi kwanza, mama."

Fundi bati alicheka. Bi Shaka hakucheka. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa wawili ngozi zao zilikuwa zimewambwa vizuri mno.

Alirudi chini ya dashibodi. Safari hii hakuangalia waya, aliangalia plastiki. Nyuma ya konekta, kando ya tundu la pampu, palikuwa na alama ya wino wa bluu, ndogo kama kichwa cha sisimizi.

Mafundi wa mitaani wasio na kijibomba hutumia mrija wa kalamu ulioisha wino. Ujanja huo aliwahi kumfundisha mtu mmoja tu, nyumbani, wakitengeneza redio ya mama yao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Rubani aliingia mchana akipiga mluzi, akasalimia kila mtu. Dada yake hakumuuliza neno. Alimwomba kalamu.

Kijana alichomoa kalamu mfukoni mwa shati, akampa. Bi Shaka aliifungua. Lilikuwa ganda tupu.

Mluzi ulikoma.

Maelezo yalitoka moja moja. Hedifoni zilikuwa zinakwaruza, akataka kubadilisha waya wa hizo hedifoni bila kumsumbua dada. Alihesabu matundu akiitazama konekta usoni. Lakini pini hutolewa kwa nyuma, na ukiigeuza konekta, kushoto kunakuwa kulia. Akaingiza mrija wa kalamu, haukuyalaza masikio vizuri, akaivuta pini ya pampu kwa nguvu. Alipogundua, akairudisha, akasikia kitu kikilia tki, akaondoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema sifai kuirusha, dada."

"Ningesema."

"Basi."

Bi Shaka aliigeuza ile pini kiganjani. "Na huko juu ya miti, injini imezima, hilo nalo ungenificha?"

Mficha uchi hazai, fundi bati alinong'ona.

Daktari alikuwa amesikia yote. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama atafute rubani mwingine. Macho yote yakamgeukia Bi Shaka. Neno lake moja lingemshusha mdogo wake kwenye ndege aliyoiota tangu utotoni.

"Mwingine sijui anaficha nini," alisema. "Huyu nimeshajua."

Kijana aliingizwa chini ya dashibodi na kupewa kijibomba halali. Alizitoa pini zote, hata nzima, sukuma, laza, toa, dada akimulika tochi. Bi Shaka alifunga mpya kwenye nyaya, kijana akazirudisha, na kila moja ikavutwa na wawili, kwanza yeye, halafu dada. Injini iliyokuwa iwashwe kesho yake ikasubiri.

Sasa mabawa yameegemea ukutani yakingoja zamu. Rubani ataruka kwanza peke yake, kama ilivyo desturi ya ndege mpya. Safari ya pili Bi Shaka ameshaweka nafasi. Hajawahi kupanda ndege, na hasemi kama anaogopa.

"Nikikaa kiti cha pembeni," anasema, "nitaiona mikono yake iko wapi."

Jioni, kabla ya kufunga karakana, anampapasa mdogo wake mfuko wa shati. Anachomoa kalamu, anaifungua.

Mrija umo. Anaijaribu kiganjani kwanza, ndipo anamrudishia.