Kibuyu cha Mlangoni

Binti yangu alirudi kutoka likizo Dar es Salaam na habari za Halloween, usiku wa mizuka ya kuchezea, na hakunyamaza mpaka nikakubali tuipambie nyumba. Nilikubali kwa masharti. Tunakaa mtaa wa Ng'ambo, na majirani wana macho. Kitambaa chekundu nilikataa katakata, maana ukiweka kibuyu na kitambaa chekundu mlangoni, kesho yake utakuta watu wamepanga foleni na kuku mkononi, wanamuulizia mganga.

Tukafanya mambo kimyakimya. Uzi wa kufumia vitambaa tuliutandaza kwenye pembe ya dirisha ukawa utando wa buibui. Popo watatu tuliwakata kwenye boksi la sabuni tukawapaka masizi ya sufuria. Kibuyu kilichopasuka shingo nilikitoboa macho na meno kwa kisu cha moto, binti akatia tochi ndani. Nilikipenda, nisiseme uongo.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Siku hiyohiyo alikuwa anakuja kutoka kijijini Kigwa kwa misa ya Watakatifu na ya Marehemu, na hakuwahi kulala kwangu tangu tumzike mumewe mwaka jana. Siku ya tatu ya msiba ule niliaga nirudi kazini, naye akasema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi sikumlilia mzee. Nilimjibu, na nilichomjibu sitakirudia hapa. Safari hii mume wangu alimbembeleza wiki nzima, akakubali kupita kusalimia tu. Kulala angelala kwa wifi yangu.

Nilipanga kuyaondoa mapambo kabla hajafika. Lakini treni inayochelewa kila siku, siku hiyo iliwahi. Jua linazama, bajaji ikasimama, mama mkwe akateremka na kumwambia dereva amsubiri. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Alikuwa anakitazama kibuyu kinachowaka. Akafanya ishara ya msalaba, nikajua yamenikuta.

“Umemwashia mzee taa,” akasema, sauti imelegea. “Nami nilidhani mmeshamsahau.”

Binti alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Ningeweza kunyamaza na mambo yangekwisha. Ila niliona haya kupokea shukrani nisiyostahili, tena juu ya marehemu.

“Mama, si ya baba. Ni mchezo wa mtoto. Nisamehe, na ya msibani unisamehe.”

Mama mkwe akainama, akakichungulia kibuyu kwa karibu.

“Basi kuanzia leo iwe yake,” akasema. “Ila hayo meno myatoe. Mzee alikufa kibogoyo.”

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia kwa sauti, kile kilio ambacho msibani kiligoma kutoka. Nilijisikia mwepesi. Mama mkwe hakunibembeleza. Aliniacha nimlilie mumewe mpaka nikamaliza, ndipo akamwambia dereva ateremshe begi.