Nilivyosawazisha frets za gitaa la marehemu mzee, nikabakiza shimo moja

Wakuu, heshima kwenu.

Kabla hamjasema nawaletea chai: gitaa lipo hapa Ijuganyondo, anayebisha aje alishike.

Lilikuwa la mzee wangu. Alifariki mwaka juzi kule Nshamba, nikalibeba kuja nalo mjini, likakaa ukutani tu.

Juzi kati mama akapiga simu. "Mwanangu, nyumba imenyamaza mno. Lini utalileta lilie?"

Shida ni kwamba lilikuwa halipigiki. Frets, vile vyuma vya kwenye shingo, zilishalika zikawa na mashimo chini ya nyuzi. Ukibonyeza tu, zzzz, kama nyuki kwenye chupa.

Mzee alijua chords tatu tu, Mungu amrehemu, na alizitwanga kwelikweli. Mashimo karibu yote yalikuwa huko huko kwenye chords zake.

Isipokuwa moja, la ndani kuliko yote: fret ya kumi, uzi mwembamba.

Nikalijua mara moja. Jioni akitoka shambani alikaa barazani, akaidonoa noti hiyo moja, tena na tena. Haukuwa wimbo. Alikuwa anamwita mama, naye anatoka jikoni na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu. Kuitana kwa mdomo hawakuwa na habari nako.

Haya, kazi.

Nikatoa nyuzi, nikanyoosha shingo, nikafunika mbao kwa masking tape. Juu ya frets nikapaka marker pen, wino unionyeshe palipobonyea. Nikaomba kipande cha aluminium kilichonyooka kwa fundi madirisha, nikabandika msasa, nikasugua taratibu ili wino uishe. Halafu tupa ndogo kurudishia mviringo, maana ukiziacha bapa sauti inaharibika.

(Msiwe na papara. Chuma ukishakila hakirudi.)

Wino ukaisha kote, ukabaki ndani ya lile shimo la fret ya kumi. Kulimaliza ingebidi nizishushe zote tena kidogo.

Nikashika msasa, nikauweka chini. Jamani, nimemmiss mzee. Hapo ndipo kidole chake kilipokuwa kinakaa.

Nikaliacha.

Jumamosi nikaenda Nshamba. Nikakaa barazani kwenye kiti chake, mama yuko jikoni. Chords zikatoka safi, nikaanza kujiona fundi.

Nikadonoa ile noti. Zzzz.

Vyombo vikanyamaza jikoni. Mama akatoka haraka, kikapu mkononi, anatabasamu.

Akaniona mimi.

"Ai waitu," akasema. "Nilisahau."

Nikaanza kuomba radhi. Akaketi, akaweka kahawa katikati yetu.

"Usiombe radhi. Piga tena hiyo."

Nikapiga mpaka giza likaingia.

Nilichojifunza: kabla hujalisawazisha gitaa la mtu, muulize aliyekuwa akilisikiliza.

Nanyi mliorithi vyombo vya wazee wenu, mlivifanyaje? Mafundi, nitukaneni tu kuhusu fret ya kumi, ila siigusi.